Somo la Jamaa: Usingoje Mtoto Alie

Kumlisha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, baada ya kutoka hospitalini

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Isaya 65:24, Kutoka 2:1-10, 1 Samweli 1:20-24, 1 Wakorintho 15:8-10.

Kusudi la somo: Kila mzazi, kila bibi na kila mshiriki ajue namna ya kumlisha mtoto mdogo sana nyumbani, na kanisa lijue sehemu yake katika kazi hiyo.

UTANGULIZI



Mara nyingi tunamsimamisha mama mbele ya kanisa, amebeba mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, na tunapiga makofi kwa sababu ametoka hospitalini. Makofi hayo ni halali, Mungu ametenda. Lakini leo ninataka tuongee juu ya siku zinazofuata makofi, maana ni katika siku hizo watoto wengine huanza kupungua bila mtu kujua.

Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, ili mtu asidhani ninawahukumu wengine. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa katika juma la 32 la mimba, akiwa na gramu 1,520. Tulikaa hospitalini karibu mwezi mzima, akatoka na gramu 1,850. Nyumbani alikuwa mtulivu ajabu. Mchana alilala, usiku alilala. Wazee waliokuja kututembelea walisema, "Kweli huyu ni mtoto wa mchungaji, ana adabu." Mimi nilifurahi. Mke wangu aliniambia mara mbili kwamba matiti yamejaa na mtoto haamki. Nilimjibu, "Mwache apumzike, ametoka kwenye mateso."

Siku ya tisa tulimpeleka kupimwa. Mzani ulionyesha gramu 1,730. Muuguzi hakutufokea. Aliuliza swali moja tu: "Usiku mlimwamsha mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Tulichokiita adabu kilikuwa udhaifu. Mtoto hakuwa na nguvu za kulia.

Alirudishwa hospitalini siku sita, akalishwa kwa mpira wa puani, na Bwana akatuhurumia. Leo anabeba kidumu cha maji kutoka bombani. Lakini sijasahau swali lile, na somo hili lote limetoka ndani yake. Mtakalosahau msahau, ila shikeni neno hili: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati halishwi kwa kilio chake, analishwa kwa saa.

1. MTOTO HUYU NI NANI?

Mtoto anahesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati akizaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia. Akizaliwa na chini ya gramu 2,500 anaitwa mtoto mwenye uzito pungufu. Watanzania huwaita watoto hawa njiti. Si aibu wala si laana ya ukoo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watoto zaidi ya milioni 13 walizaliwa hivyo duniani, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Mtume Paulo mwenyewe, alipotaka kueleza jinsi alivyoingia kati ya mitume, alijifananisha na mtoto aliyezaliwa si kwa wakati wake (1 Wakorintho 15:8). Basi asiwepo mtu wa kumnyooshea mama kidole.

Kwa nini mtoto huyu halii kwa njaa kama wengine? Kuna sababu tatu. Kwanza, mafuta ya mwili huwekwa katika majuma ya mwisho ya mimba. Yeye hakuyapata, kwa hiyo hana akiba, na akikosa chakula saa chache anaishiwa nguvu na kulala zaidi. Pili, tumbo lake ni dogo sana, linapokea kidogo kidogo tu. Tatu, kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja ni kazi ambayo mtoto huanza kuiweza kama juma la 34. Hata akiishaiweza anachoka upesi. Anaweza kuacha titi si kwa sababu ameshiba, bali kwa sababu amechoka.

2. CHAKULA CHAKE NI KIMOJA

Chakula chake ni maziwa ya mama yake. Maziwa ya mama aliyejifungua mapema yana ulinzi mwingi juu ya magonjwa, na matumbo laini ya mtoto huyu yanayapokea kuliko kitu kingine chochote. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano, wengine huyaita machafu na kuyamwaga. Wapendwa, hayo ni kama chanjo ya kwanza. Tusiyamwage.

Mama zetu na bibi zetu, ninawaomba kwa heshima. Maji ya sukari, maji ya uvuguvugu, chai, igikoma, maziwa ya ng'ombe na dawa za majani, vyote hivyo visiingie kinywani mwa mtoto huyu. Ninajua mnavitoa kwa upendo. Lakini maji hujaza tumbo dogo bila kulisha, na maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa figo na matumbo yake. Hata siku ya jua kali, maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Kuna dawa zinazoruhusiwa, nazo ni zile zilizoandikwa na daktari au muuguzi. Watoto hawa wengi huandikiwa madini ya chuma, maana akiba ya damu nayo hujengwa mwishoni mwa mimba, na wengine huandikiwa vitamini. Msiache kuzitoa kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI asikate tamaa. Akitumia dawa zake kila siku, na mtoto akipewa dawa yake ya kinga, anaweza kunyonyesha kwa maelekezo ya kliniki. Lakini tusimpe mtoto titi la jirani au la shangazi kwa siri, hata kwa nia njema. Ikiwa mama ni mgonjwa sana au amefariki, au maziwa yamekosa kabisa, twende kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama wataandika maziwa ya kopo, yakorogwe kwa kipimo kilichoandikwa. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumfanyisha mtoto njaa huku kikombe kimejaa.

3. SAA ZA KULISHA

Mtoto huyu ale angalau mara 8 kwa mchana na usiku, yaani isipite zaidi ya saa tatu kati ya mlo na mlo. Wengine wanahitaji mara 10 au 12. Sasa tazameni jinsi saa zetu zinavyotusaidia kukumbuka:

Mchana: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9.
Usiku: saa 12 jioni, saa 3, saa 6, saa 9.

Msomaji wa Biblia anazijua saa hizi. Siku ya Pentekoste Petro alisimama kuhubiri ikiwa saa tatu (Matendo 2:15). Alipanda darini kuomba saa sita (Matendo 10:9). Saa tisa ilikuwa saa ya kusali, naye alipanda hekaluni pamoja na Yohana (Matendo 3:1). Basi katika nyumba yenye mtoto mdogo, saa ya kusali na saa ya kulisha ziwe moja. Baba aweke kengele ya simu, aamke yeye kwanza, amwamshe mama, ampe mtoto. Hiyo ni ibada.

Mtoto akilala wakati saa imefika, amsheni polepole. Mfungueni nguo kidogo, mbadilisheni nepi, msugueni nyayo na mgongo, mgusisheni mdomo tone la maziwa. Akionyesha njaa kabla ya saa, kama kugeuza kichwa, kutoa ulimi au kuleta mkono mdomoni, mpeni mara moja. Saa ni kwa ajili ya kutochelewa, si kwa ajili ya kumzuia.

4. NAMNA YA KULISHA

Kwenye titi. Mama akae vizuri, ameegemea ukuta au mto. Mtoto amlalie tumbo kwa tumbo, na mkono wa mama uunge mgongo na shingo yake, bila kumsukuma kichwa. Kinywa kifunguke sana, kichukue na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu peke yake. Mtoto huyu hunyonya kidogo, hupumzika, hunyonya tena. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Msimwondoe kwa haraka. Akikohoa au akipaliwa, mwinueni kidogo apumue kwanza.

Kukamua. Ikiwa mtoto anachoka kabla ya kushiba, mama akamue maziwa yaliyobaki na ampe kwa kikombe. Anawe mikono kwa sabuni. Aweke kidole gumba juu ya sehemu nyeusi na vidole vingine chini yake, asukume nyuma kuelekea kifua, kisha abane na kuachia, abane na kuachia, akizunguka titi lote. Asivute chuchu. Mwanzoni yanatoka matone tu. Hayo si dalili kwamba hana maziwa. Titi linaloondolewa maziwa mara 8 kwa siku, na usiku pia, hutengeneza mengine. Titi linaloachwa limejaa hupunguza kazi. Yaliyokamuliwa yawekwe katika kikombe safi chenye kifuniko, mahali pa kivuli, yatumike ndani ya saa nne. Yanayobaki katika kikombe baada ya mtoto kula yasitunzwe.

Kwa kikombe. Tumieni kikombe kidogo au kijiko, si biberoni. Biberoni ni ngumu kusafisha pale ambapo maji na makaa ni vya kununua, na humzoesha mtoto kunyonya kwa namna nyingine. Mtoto aketishwe mapajani, mgongo umenyooka. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu midomoni. Yeye mwenyewe atalamba. Usimmiminie, yataingia mapafuni. Kikombe kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka kila mara.

Kipimo. Mtoto anayelishwa kwa kikombe ana kipimo chake, na kipimo hicho huandikwa hospitalini. Nitatoa mfano tu ili muelewe hesabu. Wengi huandikiwa kama mililita 160 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 1.8 atahitaji mililita 288 kwa siku, na tukigawa kwa mara 8 tunapata mililita 36 kila mlo, yaani kama vijiko vidogo vya chai 7. Uzito ukipanda, kipimo nacho kipandishwe. Msibaki na karatasi ya mwezi uliopita. Mana jangwani ilipimwa kila siku kwa mahitaji ya kila mtu (Kutoka 16:16-18), na mtoto huyu ndivyo alivyo.

5. JOTO NI SEHEMU YA CHAKULA

Mtoto akipata baridi, maziwa yote aliyokula yanakuwa kuni za kupasha mwili, hayabaki ya kumkuza. Ndiyo sababu hospitali hufundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, namna inayoitwa kangaruu. Ilianzia mji wa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, ambapo daktari Edgar Rey Sanabria aliona vyombo vya kupasha joto havitoshi watoto, akawafunga kwenye vifua vya mama zao. Hapa Kigali ilianza katika Hospitali ya Muhima mwaka 2007, na baadaye ikaenea katika hospitali za Rwanda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliagiza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, na mtoto abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kumbe kutoka hospitalini si mwisho wa kangaruu. Nyumbani endeleeni. Mtoto avae kofia, soksi na nepi tu, asimame wima kati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, kisha afungwe kwa kitenge. Mama akichoka, baba afungue shati lake. Wanaume wenzangu, kifua chenu kina joto lile lile. Mimi nilikataa wiki ya kwanza kwa sababu ya macho ya watu. Nilijifunza baada ya mzani kunifundisha. Endeleeni mpaka mtoto mwenyewe aanze kurusha mikono na kukataa, mara nyingi anapofika karibu kilo 2.5.

6. MZANI NDIO SHAHIDI

Macho ya mzazi hudanganywa na upendo. Mzani hausemi uongo. Mtoto apimwe kila juma mpaka afike kilo 2.5, kisha kwa tarehe za kliniki. Anapaswa kuongeza kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Yule wa kilo 1.8 aongeze kama gramu 190 kwa juma. Akiongeza kidogo sana, au akipungua, msingoje juma lingine. Nyumbani angalieni pia nepi. Mtoto aliyeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa mchana na usiku.

Tusidhani kwamba mtoto akifikisha kilo 2.5 kazi imekwisha. Huko Rwinkwavu, wilaya ya Kayonza, wahudumu waliwafuata watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipokuwa na mwaka mmoja hadi mitatu, wakakuta wengi wamedumaa, na wazazi wengi wanasema kulisha ni shida. Mwaka 2014 ikaanzishwa pale kliniki ya kufuatilia watoto hawa, uzito, chakula na ukuaji wa akili, na baadaye kliniki za namna hiyo zikafunguliwa mahali pengine. Ulizeni kama hospitali yenu ina kliniki ya namna hiyo. Kuhusu chakula kingine, mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka muuguzi aseme yuko tayari. Kwa kawaida ni miezi 6, lakini umri wake huhesabiwa pia kuanzia tarehe ambayo angezaliwa.

Kimbieni kituo cha afya, hata usiku, mkiona mojawapo ya haya:

- anakataa kula, au haamki kwa ajili ya kula
- anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea
- anaacha kupumua kidogo, au midomo inageuka bluu
- ana degedege, au amelegea kabisa
- mwili ni wa moto (37.5 au zaidi) au wa baridi (chini ya 35.5)
- viganja na nyayo ni vya manjano
- tumbo limevimba, anatapika kijani, au kinyesi kina damu

Msiseme kwanza tufanye maombi ya siku tatu. Ombeni mkiwa njiani. Na kwa habari ya gharama: mwaka 2019 serikali ya Rwanda na UNHCR walikubaliana wakimbizi wanaoishi mjini waingizwe katika mituweli. Kila jamaa iangalie leo hali ya kadi yake, na jina la mtoto mchanga liandikishwe mapema. Usiku wa shida si wakati wa kuanza kutafuta karatasi. Mshauri wa afya wa kijiji mnakokaa naye ajulishwe kwamba nyumba yenu ina mtoto huyu.

7. SEHEMU YA KANISA

Tunasoma kwamba Hana, alipompata Samweli, hakupanda na wengine kwenda Shilo kwa sadaka ya mwaka. Alibaki nyumbani mpaka mtoto aachishwe, na Elkana mumewe alikubali (1 Samweli 1:21-23). Hakuna aliyemwita mtu aliyerudi nyuma katika imani. Kwa hiyo, kama mchungaji, ninasema wazi: mama wa mtoto huyu hadaiwi ibada ya saa nne, wala mkesha, wala mfungo. Asifunge. Anayekula ni wawili. Na mtoto asipitishwe mikononi mwa watu ili abusiwe. Mwenye mafua asiingie nyumbani humo.

Mama wa Musa alikuwa mtu wa taifa lililoonewa, mtoto wake amefichwa. Mungu alifanya mtoto arudi kifuani mwake anyonye, na mama alipwe mshahara kwa kunyonyesha (Kutoka 2:9). Binti Farao aliona kwamba kunyonyesha ni kazi yenye ujira. Sisi je? Mara nyingi tunakuja kupongeza, tunaketi, na mama anainuka kutupikia. Tunakula chakula chake na kuondoka na baraka.

Tubadilishe desturi. Mtoto huyu akitoka hospitalini, wamama na vijana wapange zamu ya majuma sita. Mmoja achote maji, mmoja afue, mmoja awaangalie watoto wakubwa. Mwingine alete chakula: maharage, sombe, lengalenga, ndagala, yai likipatikana, na uji mzito wa mama mwenyewe. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya kawaida yake na kunywa kila anaposikia kiu. Mashemasi waweke akiba ya nauli ya moto kwa siku ya mzani na kwa usiku wa hatari. Sisi wa mjini tunaishi kwa kujitegemea, ninajua hakuna nyumba yenye ziada. Ndiyo sababu zamu inafaa: sahani moja kwa juma haimvunji mtu.

HITIMISHO

Bwana anasema kupitia Isaya kwamba hujibu hata kabla watu wake hawajamwita (Isaya 65:24). Wakati sisi tulipokimbia usiku na hatukuwa na maneno ya kuomba, yeye alikuwa ameishatangulia. Mzazi wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaitwa kufanya vivyo hivyo: kuinuka saa tisa ya usiku kumlisha asiyelia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, ni nani huamua mtoto mchanga apewe nini? Je, amesikia somo hili?
2. Ni mazoea gani ya kwetu yanamsaidia mama mzazi, na yapi yanamlemea?
3. Kadi zetu za mituweli ziko katika hali gani leo?
4. Taja nyumba moja yenye mtoto mdogo katika seli yenu ya maombi. Ni zamu gani mtachukua juma hili?

MAOMBI

Ee Baba, unayewajua wadogo kwa majina, wape mama zetu maziwa ya kutosha na usingizi wa kutosha. Waamshe akina baba. Utupe kanisa linalobeba maji kabla ya kubeba pongezi. Kwa jina la Yesu, amina.